Neno Moja kwa Ngamia Thelathini

Nyinyi vijana mliobaki idarani mmeniomba niandike jinsi nilivyofika nilikofika. Nilikofika mnakujua: kiti cha mbao nje ya nyumba yangu huku Mwingi, na goti linalouma mvua ikikaribia. Mambo ya vyeo nitayaruka, kwa sababu vyeo vilikuja kwa barua na havikunifundisha lolote. Nitaandika juu ya neno moja la Kiingereza nililofundisha Garissa miaka ya vita, mkoa ule ulipotaka kujitenga. Nililifundisha vibaya, mtu akaumia, kisha mama mmoja mfugaji akanionyesha jinsi neno linavyofundishwa. Mengine yote niliyofanya kazini miaka iliyofuata yametoka hapo.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili nilipotumwa kule kufundisha watu wazima, yale madarasa tunayoyaita ngumbaro. Nilisafiri juu ya lori la mahindi katika msafara, askari mbele na askari nyuma, na tulipovuka daraja la Tana nywele zangu zilikuwa nyekundu kwa vumbi. Niliingia mkahawa wa kwanza niliouona. Mwenye mkahawa akaniuliza nimetoka Kenya lini. Nikamwambia hata hapa ni Kenya. Akanimiminia chai ya maziwa ya ngamia, akasema, "Kunywa kwanza, maalim." Sikumwambia kwamba mimi ni mwalimu. Nadhani ni viatu vilivyotoa siri yangu.

Darasa langu lilikuwa ghala la zamani la ngozi. Harufu haikuisha hata tulipopaka chokaa mara mbili. Nilikuwa na ubao mmoja uliopasuka katikati, kwa hiyo sentensi zangu zote ziliandikwa fupi. Nilikuwa na boksi mbili za chaki, na rimu ya gurudumu la lori niliyoigonga kwa nati badala ya kengele. Vitabu vilivyotoka Nairobi vilikuwa na picha za treni na theluji. Viliwafaa panya.

Aliyeniokoa siku zile alikuwa Adeer Nur, mkalimani mzee aliyewahi kutafsiri kesi mahakamani kwa miaka mingi. Adeer ni baba mdogo kwa Kisomali, na mtu wa umri wake haitwi kwa jina tupu. Aliketi kwenye gunia karibu na mlango, akanitafsiria pale Kiswahili changu kiliposhindwa kufika. Wiki ya kwanza alivumilia treni. Wiki ya pili akaniambia, "Maalim, hawa hawatabanda treni. Wafundishe maneno wanakutana nayo barabarani. Yale yanaweza kuua mtu."

Basi tukaanza: neno moja kila wiki, maana yake, matumizi yake, mfano mmoja au miwili. "Permit." "Search." "Curfew." Nilitarajia nitarudia kila neno kama nilivyozoea kwetu, mara kumi, mara ishirini. Asubuhi ya pili nilimwomba mwanafunzi mmoja, mfugaji mrefu mwembamba aitwaye Hilowle, atukumbushe tulichosoma jana. Akasimama, akaegemea fimbo yake, akalirudisha somo lote kuanzia salamu hadi kwaheri. Si maana yake tu, bali maneno yenyewe, kwa mpangilio wake, na pale katikati nilipokohoa kwa sababu ya chaki, naye akakohoa. Watu hawakucheka. Kwao hicho kikohozi kilikuwa sehemu ya somo mpaka ithibitike vinginevyo.

Nilikaa kwenye meza yangu nikaweka chaki chini. Mimi ni mtu wa kuandika, nisipoandika nimesahau. Hawa hawakuwa na maandishi ya lugha yao siku hizo, na ujumbe wa koo uliweza kutoka Hulugho mpakani mpaka Hadado kule Wajir, wiki nzima ya mwendo, ukapita vichwa vinne vitano na ukafika bila kupungukiwa na neno. Adeer Nur alinieleza hayo kama mtu anavyoeleza bei ya sukari. Nilijiona kama mtoto aliyeleta kibaba cha maji kuwaonyesha watu wa mtoni. Nilipaswa kuogopa pia, maana mtu anayebeba somo lako bila kulipunguza atabeba na kosa lako hivyo hivyo. Hilo sikuliwaza.

Neno la wiki ya tano lilikuwa "halt". Vizuizi vilikuwa vimeongezeka kwenye barabara ya Modogashe, na askari walioletwa kutoka bara walikuwa wamefunzwa kulitamka hilo, mara moja, na kusubiri kidogo. Nililiandika ubaoni kwa herufi kubwa. Nikasema, na leo bado ninayasikia maneno yangu: "Ukisikia hivi, simama. Wewe usimame, na kila ulicho nacho kisimame. Kisiachwe kitu kitembee." Nilikuwa nikiwaza mikokoteni. Siku mbili kabla, fundi cherehani mmoja alikuwa amesimama vizuri sana kizuizini huku mkokoteni wake ukiteremka wenyewe mpaka miguuni pa askari, na nusura yamfike. Niliona nimetoa mfano mzuri. Jioni hiyo Hilowle alirudi kambini kwake, mwendo wa saa moja kutoka mjini, akawakusanya watu wa kambi nne na kuwapa somo langu neno kwa neno.

Siku nne baadaye alikuja na ngamia sita kuwapeleka mtoni. Askari akapiga ukelele wake. Hilowle akasikia, akafahamu, na akatii kila nilichosema. Yeye angesimama, lakini ngamia wake walikuwa wameshanusa maji na walikuwa wakitembea. Mfugaji anapotaka wanyama wasimame hakai mahali pamoja. Hukimbia awapite, awageukie, ainue fimbo. Akakimbia. Askari akaona mtu anatoka kwenye vumbi mbio, amenyanyua kitu mkononi.

Risasi ilipita kwenye paja bila kugusa mfupa. Ngamia sita walipita kando ya mti wa kizuizi, wakaenda wakanywa maji, na hakuna aliyewakemea.

Nilipomtembelea wodini alikuwa amelala chali, mguu umening'inizwa. Nilimwambia pole, nikamwambia kosa ni langu. Alinitazama kwa mshangao. "Maalim, wewe ulisema kila kitu isimame. Mimi nilichelewa tu." Alikuwa akiniomba radhi kwamba hakukimbia upesi zaidi. Nilitoka nje nikashika ukuta. Nimepata aibu nyingi kazini lakini ile sijapata mfano wake, kwa sababu hakuna aliyenilaumu.

Aliyenilaumu alikuja kesho yake. Nilikuwa nafuta ubao, nikasikia mtu amesimama mlangoni. Alikuwa mwanamke wa makamo, mikono mikavu, kitambaa cheusi kichwani, na miguu yenye vumbi la safari. Alikuwa Dahabo, mke wa Hilowle. Hakuketi.

"Maalim, hii neno yako, bwana yangu alijua?"

"Alijua, mama."

"Mimi pia najua. Watoto wangu wanajua. Kambi yote inajua." Akanitazama mpaka nikaangalia chini. "Ngamia haijui. Kwa nini hukufundisha ngamia?"

Nilifikiri ni hasira inayosema, nikaanza kutafuta maneno ya kutuliza. Adeer Nur aliinuka kwenye gunia lake akanigusa mkono. "Hafanyi mzaha," akasema. "Anauliza somo."

Mambo yalikuwa hivi. Mvua haikuwa imenyesha, visima vya upande wao vilikuwa vimebaki tope, na amri ilitolewa kwamba kambi zote za upande ule zihamie karibu na mji kabla ya mwezi kwisha. Dahabo alikuwa na ngamia thelathini na hana mwanamume nyumbani. Alikuwa na mabinti wawili wakubwa, basi. Ilibidi wapite kizuizi kile kile, wanyama wakiwa na kiu ya siku nyingi na mto uko mbele ya pua zao. Nilikwenda kwa mkubwa wa kizuizi nikamweleza. Alinisikiliza kwa adabu. Akasema askari wake wanabadilishwa kila wiki na hawezi kuwaeleza kila mmoja habari za kila ngamia, na kwamba baada ya siku ile amri ni moja: kitakachopita mti bila ruhusa kitapigwa, mtu au mnyama, kwa sababu nyuma ya ngamia hujificha mtu. Dahabo asipoleta ngamia, watakufa kwa kiu. Akiwaleta na wasisimame, watapigwa mbele ya macho yake, na yeye akikimbia kuwazuia atapigwa kabla yao. Nilimrudishia Dahabo majibu hayo neno kwa neno. Hapo angalau nilikuwa nimejifunza.

"Sawa," akasema. "Wewe una sauti ya watu wa huko. Lete sauti. Mimi nitafundisha."

Nilikuwa na kibali cha kutoka mjini mchana. Kwa wiki tatu, kila alasiri, nilipanda baiskeli mpaka kambini kwa Dahabo kwenda kuwafokea ngamia.

Siku ya kwanza nilisimama kwenye uwazi, nikajisafisha koo, nikasema "halt." Hakuna sikio lililotikisika. Mabinti wakaziba midomo kwa vitambaa vyao. Dahabo hakucheka. "Hii sauti ya mtu anaomba chai," akasema. "Askari haombi. Askari anaogoba. Biga kelele ya mtu anaogoba."

Sikuwa nimewahi kulifikiria hilo. Nilikuwa nimefundisha maana ya neno na matumizi yake na sikuona kwamba ndani yake mna hofu ya anayelitamka. Nilipiga kelele. Nilipiga mpaka koo likawaka, na darasani asubuhi nikawa nafundisha kwa kunong'ona.

Yeye hakuwafundisha ngamia thelathini. Alimfundisha mmoja, Adey, ngamia jike mzee mweupe aliyetangulia kundi, mwenye kengele ya mti shingoni. Wengine walifuata kengele. Kila alasiri Dahabo aliweka maji kidogo kwenye beseni la ngozi, akaimba ule wimbo wanaowaitia wanyama kisimani, na Adey akaja mbio. Katikati ya njia ilikuwa zamu yangu. Nikapaza sauti, na mabinti waliojificha pande mbili wakamshika kamba. Akisimama, Dahabo alimletea maji pale pale alipo. Asiposimama, beseni lilifunikwa. Maji yenyewe yalikuwa haba. Watu wa kambi walijipunguzia chai ili ngamia asome. Siku ya sita mabinti hawakugusa kamba. Nilipiga ukelele na Adey akasimama peke yake, kengele ikanyamaza, na nyuma yake kundi zima likasimama, wengine vifua vyao vimegonga makalio ya walio mbele. Nilikuwa na cheti cha ualimu chenye muhuri na sikuwahi kuona somo likiingia namna ile.

Nilidhani tumemaliza. Dahabo akasema ndiyo kwanza tunaanza. "Sasa anajua wewe. Askari si wewe." Akanificha nyuma ya kichaka. Akanifunika blanketi. Akaniweka upande wa upepo na upande usio na upepo, mbali na karibu, akaniamuru nibane pua, nipige kelele huku nimelala chini, nipige huku nakimbia. Siku moja akanivalisha koti la mkwewe wa kambi jirani, lenye harufu ya moshi, ili Adey asinitambue kwa pua. Alitaka neno limtoke mwalimu wake, libaki neno tupu, ambalo yeyote akilisema ni lile lile. Vijana, mmesoma nadharia nyingi kunishinda. Mimi tangu siku ile sijamfundisha mtu neno kwa sauti yangu peke yangu. Huita mpishi, huita dereva, huwaomba waliseme. Mkaguzi mmoja aliwahi kuniandikia kwamba darasa langu lina wageni wengi mno.

Wiki ya tatu ndipo nilipojua kwamba mwanafunzi mgumu hakuwa ngamia. Tulikuwa tunajaribu safari nzima, mimi nikiwa askari mwenye kijiti mkononi. Nilipiga kelele, na Adey akachelewa kusimama kwa hatua mbili. Kabla sijapumua, Dahabo alikuwa ameshampita mbio, fimbo juu. Alisimama hapo mbele ya ngamia wake akihema, akaniona nimemwelekezea kijiti kama bunduki. Alielewa. Akakaa chini vumbini.

"Siwezi," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema hivyo. "Miguu inaenda yenyewe. Tangu mimi mtoto, mnyama akienda, mimi naenda. Mama yangu angeniona nasimama na ngamia inaenda, angesema sikuzaa mtu."

Nikasema, "Eedo, ukikimbia watabaki bila Hilowle na bila wewe." Eedo ni shangazi, sikumwita hivyo kabla ya siku ile, lilinitoka tu. Aliinuka, akajikung'uta, akaweka fimbo chini. Tukarudia mara tisa. Kila mara nilimtazama yeye, si Adey, na kila mara niliona vidole vya miguu yake vikichimba mchanga.

Siku yenyewe mkubwa wa kizuizi aliniruhusu nikae kando ya mti kama mkalimani, kwa sharti kwamba nisitoe sauti mpaka niulizwe. Askari wa zamu alikuwa kijana mgeni, ameripoti juzi. Niliuona ulimi wake ukilamba midomo. Ilikuwa saa tatu asubuhi, jua tayari kali. Kwanza tuliona vumbi, kisha shingo. Walikuwa na siku tisa bila maji ya kutosha na walikuwa wamenusa mto. Hawakuwa wakitembea tena, walikuwa wakivutwa, midomo imenyooshwa, mate yakiruka. Dahabo alikuwa kando ya Adey, mabinti nyuma kabisa.

Kijana aliinua bunduki. Sauti yake ilipasuka katikati ya neno.

"Halt."

Dahabo alisimama. Fimbo ilianguka kutoka mkononi mwake, mikono ikashuka mapajani, na hakutikisika. Adey alikwenda hatua moja. Akaenda ya pili. Dahabo alimwona ngamia wake akimpita, kengele ikilia mbele yake, bunduki ikimfuata, na alibaki amesimama. Mdomo wake ulikuwa wazi bila sauti. Sijamwona mtu kabla au baada ya hapo akifanya kazi nzito kuliko ile.

Kengele ikanyamaza.

Adey alisimama na mguu mmoja hewani, akaushusha taratibu. Nyuma yake wengine wakagongana, wakanguruma, wakasimama. Ngamia thelathini wenye kiu walisimama kwenye barabara ya mchanga, mto ukiwaita kutoka mbele, kwa sababu kijana mmoja mwenye hofu alisema neno moja la lugha ngeni. Vumbi likaanza kutua juu ya migongo yao. Askari wengine walitoka kwenye kibanda, mmoja bado ameshika kikombe.

Kijana alinigeukia bila kuondoa macho kwa ngamia. "Mwalimu," akanong'ona, "wamesimama kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili ya neno lako."

Aliteremsha bunduki. Hakumwita mwenzake, alikwenda mwenyewe, akaukumbatia ule mti wa kizuizi kwa mikono miwili, akauinua, akajisogeza pembeni nao. "Waambie wapite," akasema.

Nilifungua mdomo nikakuta sina neno. Wiki tatu nilikuwa nimewafundisha kusimama tu. Nilimtazama Dahabo. Alikuwa bado amesimama vile vile, machozi yakichora mistari kwenye vumbi la mashavu, akisubiri aambiwe, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia asubiri aambiwe. Nikamwinamishia kichwa. Akameza mate, akaanza kuimba, sauti kavu mwanzoni, ule wimbo wa kisimani, na Adey akautambua na kuinua mguu. Walipita mbele yetu mmoja mmoja kwenda majini. Askari walijipanga kando ya njia bila kuamriwa.

Nilikwenda hospitalini moja kwa moja, sijanawa hata uso. Hilowle alikuwa ameketi kitandani tangu alfajiri, muuguzi alisema, na amekataa chai.

"Adey alisimama?" akaniuliza.

"Alisimama."

Aliponiuliza tena hakunitazama, alitazama mguu wake.

"Na Dahabo?"

"Naye alisimama. Adey alimpita hatua mbili, na hakukimbia."

Hilowle alijua hatua mbili hizo zina urefu gani. Alivuta shuka akajifunika mpaka kichwani, na chini ya shuka mabega yake yakaanza kutikisika, nami nikatoka nje nikamwachia chumba.